Hadithi Inakimbia, Mchezo Unajenga Uzio

Gemu ya Fallout 4 (2015) inaanza kwa wizi wa mtoto. Mzazi amefungiwa ndani ya kasha la barafu, anaona kupitia kioo mwenza wake akipigwa risasi na mwanawe mchanga akibebwa, na hana la kufanya. Akizinduka na kutoka nje, shabaha ni moja tu: mtoto. Saa chache baadaye mchezaji yule yule anaokota feni mbovu, vijiko na chupa tupu ili apate malighafi ya kujengea uzio, anapanda mahindi, anavuta nyaya za umeme na kupanga vitanda vya watu asiowajua. Mtoto anasubiri. Mzazi akichelewa wiki, anasubiri. Akichelewa mwaka, anasubiri, kwa sababu hakuna hesabu yoyote ndani ya mchezo inayojua kwamba kuna mtoto aliyepotea.

Lawama huwaendea waandishi, au hugeuka kuwa ule ubishi wa siku zote: hadithi imezidi, uchezaji umezidi, mizani haijakaa sawa. Naona kipimo chenyewe ndicho kibovu. Tukio la wizi limeandikwa vizuri vya kutosha. Ujenzi wa makazi nao una utamu wake, na wapo waliozamia humo kwa mamia ya saa. Kinachokosekana ni kanuni ya kuviunganisha hivi viwili. Punguza nusu ya mazungumzo, tatizo liko pale pale. Ongeza nusu, vivyo hivyo. Swali lenye faida ni jingine kabisa: mikono ya mchezaji inafanya nini kwa saa nyingi, inalipwa nini kwa kazi hiyo, na hadithi inasema nini kuhusu kitendo hicho hicho?

Fallout ya kwanza, ya mwaka 1997, ilikuwa na jibu. Makao ya chini ya ardhi yameharibikiwa chipu ya kusafishia maji, na mhusika anapewa siku 150 kuleta nyingine. Zikiisha hajaipata, wenzake wamekwisha na mchezo umekwisha. Anaweza kuwalipa wafanyabiashara wa maji wapeleke misafara huko, akapata siku 100 za nyongeza. Kanuni hiyo inafanya kazi ya mwandishi bila sentensi hata moja: kila safari kwenye ramani inakula siku, kuzurura kuna bei, na pesa inaweza kununua muda wa kupumua. Kasoro yake nayo haijifichi. Raha kubwa ya dunia huria, yaani gemu inayokuacha uende utakako, ni kupotea njia, na saa inayohesabu kurudi nyuma inaikata raha hiyo. Ndiyo maana wabunifu wengi waliikimbia. Ila walipoitupa saa hawakuitupa hadithi ya haraka haraka iliyokuwa ikiitegemea, na hapo ndipo danganya toto ilipoanza: kila mhusika anapiga kelele kwamba dakika zimebaki chache, na mchezaji aliyezoea anajua fika kwamba hakuna lolote litakalotokea mpaka yeye afike.

Njia za kutoka zipo. The Legend of Zelda: Majora's Mask (2000) ina siku tatu kabla mwezi haujaanguka, lakini mchezaji anaweza kurudisha muda hadi siku ya kwanza, haraka ni ya kweli, hasara si ya kudumu. Outer Wilds (2019) inafanya hivyo kwa mzunguko wa dakika 22, na kinachobaki baada ya kila mzunguko ni maarifa ya mchezaji. Njia ya bei nafuu zaidi ni kumpa shujaa kazi inayomruhusu kuzunguka. Geralt wa The Witcher 3 (2015) naye anamtafuta binti, lakini ni mwindaji wa mazimwi wa kulipwa. Akisimama kijijini kuua zimwi kwa malipo, anafanya kile ambacho mtu wa aina yake angefanya njiani. (Kwa nini asimame pia kucheza karata na kila mwenye duka, hilo hakuna aliyelieleza, na karata zenyewe ni tamu mno kiasi kwamba hakuna aliyeuliza.)

Ubishi wa kupima kiasi una historia yake. Kabla Doom haijatoka Desemba 1993, Tom Hall wa id Software aliandika waraka mrefu wenye wahusika, mahali na matukio ya mchezo huo. Wenzake waliutupa karibu wote, naye akaondoka kwenye kampuni mwaka huo huo. Hadithi ikabaki kurasa chache za maandishi kati ya sura na sura, na Doom ikavuma hata hivyo. Kuanzia hapo kambi moja ilijipatia ushahidi wake: uchezaji ukiwa mtamu, hadithi ni pambo. Upande wa pili kuna Metal Gear Solid 4 (2008), ambayo mfululizo wake wa mwisho wa video unapita saa nzima huku pedi ya kuchezea ikiwa imelala mapajani. Katikati yao ilikaa Half-Life (1998). Haikukata kamera hata mara moja kwenda kwenye filamu; hata safari ya mwanzo ndani ya behewa, dakika kadhaa za kuingia kazini, mchezaji anaweza kutembea humo na kuchungulia kila dirisha.

Wengi walisoma funzo la Half-Life vibaya. Walilichukua kama amri ya kutomnyang'anya mchezaji pedi kamwe, wakaanza kuwafungia wachezaji chumbani na mhusika anayehutubia. Unaweza kutembea, unaweza kuruka juu ya meza, unaweza kumtupia profesa kikombe kichwani, lakini mlango haufunguki mpaka amalize. Hiyo ni filamu iliyokosa mwongozaji. Binafsi naona video ya sekunde 40 iliyopigwa vizuri ina heshima zaidi kwa mchezaji kuliko dakika tatu za kuzunguka ndani ya chumba kilichofungwa. Ndugu yake ni ule mwendo wa kulazimishwa, shujaa anatembea taratibu kidole sikioni akisikiliza redio. Na binamu yake ni mwanya wa kupenya kwa ubavu, ambao mara nyingi upo ili diski ipate muda wa kupakia eneo linalofuata. Mwanya angalau una sababu ya kiufundi, na mwandishi mwerevu huutumia kuweka mazungumzo mafupi ambayo hakuna bunduki ya kuyakatiza.

Kesi mashuhuri ya mgongano wa hadithi na uchezaji ni BioShock (2007), na inafaa kuitazama kwa namba, jambo ambalo wanaoitaja hawalifanyi sana. Mji wa chini ya bahari umejengwa juu ya imani kwamba kila mtu ajifanyie yake. Humo kuna wasichana wadogo waliobeba dutu iitwayo ADAM, ambayo ndiyo inayonunua nguvu mpya. Ukimnyonya msichana unapata ADAM 160 naye anakufa. Ukimwokoa unapata 80. Hadi hapo jaribu ni la kweli: huruma inakukata nusu ya kipato. Lakini kila ukiokoa watatu unaletewa zawadi yenye ADAM 200. Piga hesabu: wanyonye watatu, una 480, waokoe watatu, 80 mara tatu ni 240, ongeza 200, una 440. Tofauti ni 40 tu, na ndani ya zawadi hizo mna nguvu ambazo mnyonyaji hazipati. Ubinafsi ambao mji mzima unauhubiri umelipwa vibaya. Mwaka huo huo mbunifu Clint Hocking aliandika uchambuzi mkali kuhusu mchezo huo, akiupa mgongano wa namna hii jina, "ludonarrative dissonance", ambalo limebaki midomoni mwa wachambuzi hadi leo. Lalamiko lake lilikwenda mbali zaidi: kanuni zinakuacha uchague kujipendelea, halafu hadithi inakulazimisha kumtumikia mtu mwingine bila nafasi ya kukataa.

Rahisi kusema zawadi zile zingefutwa. Tatizo ni kwamba mchezaji aliyechagua huruma tangu saa ya kwanza akikwama saa ya nane kwa kukosa nguvu, hana pa kurudi. Hawezi kuwanyonya waliokwisha kuokolewa. Studio inaogopa mchezaji huyo, na ina haki ya kumwogopa. Kwa hiyo wema unalipwa fidia, na ukilipwa fidia haugharimu kitu tena. Uamuzi mkubwa wa kimaadili unaodumu mchezo mzima karibu kila mara huishia hivyo.

Papers, Please (2013) ya Lucas Pope ililitatua hilo kwa kuifanya gharama iwe ndogo na ya kila siku. Mchezaji ni mkaguzi wa pasi mpakani. Analipwa krediti 5, pesa za mchezo huo, kwa kila mtu aliyemshughulikia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku huleta onyo tu. Kuanzia la tatu anakatwa. Jioni inakuja orodha ya kodi, chakula, moto wa nyumbani na dawa, na familia ikikosa, inaugua. Sasa, mapema kabisa anakuja mwanamume mwenye karatasi kamili, anapita, anaomba kwamba mke wake anayefuata atendewe wema. Mke hana kibali cha kuingia, na akirudishwa alikotoka ataangamia. Skrini haibadiliki rangi, hakuna vitufe viwili vya "mema" na "mabaya". Kuna muhuri ule ule wa siku zote, na mchezaji anajiuliza jambo la kihesabu: yale maonyo mawili ya leo bado ninayo? Kama asubuhi alikagua tarehe na majina kwa umakini, huruma haina faini. Kama alikuwa akigonga mihuri ovyo kwa haraka ya pesa, huruma sasa itatoka kwenye chakula cha mwanawe. Umahiri wa mikono ndio unaoamua ni kiasi gani cha utu mtu anaweza kumudu. Mazungumzo ya tukio lote hilo ni mistari michache.

Mfano mwingine wa karibu ni Brothers: A Tale of Two Sons (2013), kazi ya Josef Fares na studio ya Starbreeze. Mchezaji mmoja anaongoza ndugu wawili kwa pedi moja: kijiti cha kushoto na kitufe cha nyuma cha kushoto ni vya kaka, vya kulia ni vya mdogo. Wanazungumza lugha ya kubuni isiyoeleweka, hivyo maneno hayana pa kujificha. Mdogo anaogopa maji tangu mama yao alipozama; kila penye mto hupanda mgongoni mwa kaka. Karibu na mwisho kaka anakufa, na nusu ya pedi inakufa naye. Kisha unatokea mto. Mchezaji anabonyeza kitufe cha mdogo, mtoto anarudi nyuma. Anabonyeza tena, vile vile. Mpaka kidole, kwa kukata tamaa au kwa kumbukumbu, kinagusa kitufe cha kaka, na mtoto anaogelea.

Kinachofanya tukio hilo lifanye kazi ni nidhamu ya saa zilizotangulia. Kwa takriban saa tatu kitufe cha kushoto hakijawahi, hata mara moja, kumtumikia mdogo. Kama mahali fulani katikati wabunifu wangelegeza kanuni hiyo kwa ajili ya fumbo moja tamu, mto ungekuwa mto tu. Celeste (2018) imefanya jambo la ukoo huo: mhusika anayepigana na nafsi yake ana mruko mmoja wa hewani, na baada ya kupatana nayo anapata wa pili. Mchezaji anausikia upatanisho huo kwenye kidole gumba kabla hajausoma.

Wakati mwingine hadithi inazaliwa na kasoro ya uchezaji. Wakati wa kutengeneza Portal (2007) studio ya Valve walikuwa na chumba ambacho mchezaji alipaswa kubeba boksi moja toka mwanzo hadi mwisho. Waliojaribishwa walikuwa wakilisahau njiani, wanafika mbele hawana kitu. Tiba ilikuwa kulichora moyo na kuongeza sauti ya mashine inayolisifu boksi hilo kama rafiki. Watu wakaacha kulisahau. Na kwa kuwa sasa walikuwa wanalipenda, mashine ikawaamuru walichome moto. Kitu kilichoanza kama marekebisho ya njia kikawa tukio linalokumbukwa kuliko yote kwenye gemu hiyo.

Kuna pia shtaka linalosikika mara nyingi, kwamba shujaa mpole wa hadithi huua mamia mikononi mwa mchezaji: chanzo chake ni hesabu kuliko uzembe wa mwandishi. Tuseme gemu ya bunduki ina saa 12, nusu yake mapigano. Hizo ni dakika 360. Maadui wawili kwa dakika, mwendo wa kawaida tu, na una maiti 720. Tomb Raider ya 2013 ilitumia dakika nzima za uigizaji kuonyesha jinsi Lara, shujaa wake, alivyotetemeka baada ya kumuua mtu wa kwanza, kisha ikafungua bomba la mauaji. Naughty Dog, watengenezaji wa Uncharted, walijicheka wenyewe: kwenye Uncharted 4 (2016) ukiua maadui 1,000 unapewa tuzo yenye jina lile lile la mgongano alilolibuni Hocking. Ni utani mzuri, na pia ni kukiri kwamba hawakupata tiba. Tiba zinazojulikana ni mbili. Moja ni kupunguza idadi na kuongeza uzito wa kila pambano, kama walivyofanya hao hao kwenye The Last of Us (2013) kwa kufanya risasi ziwe adimu, hata kukimbia kukawa na maana. Ya pili ni kukaa kwenye vichekesho na mbwembwe, ambako hadhira imeshakubali kufunika kombe mwanaharamu apite. Kinachoshindikana ni kutaka machozi ya mauaji ya kwanza pamoja na bomba la yale 719.

Spec Ops: The Line (2012) ilijaribu njia ya tatu: kumlaumu mchezaji. Inamlazimisha kumwaga fosforasi nyeupe juu ya kambi, haimpi njia nyingine ya kusonga mbele, kisha inamwonyesha raia walioungua. Wengi huisifu. Naona ni nusu ya kazi. Hatia inahitaji mlango ambao mtu aliuona akaupita, na hapa mlango haukujengwa.

Kuna makosa madogo ya kila siku ambayo yanaharibu zaidi kuliko hayo makubwa ya kifalsafa. La kwanza ni marudio. Tukio la kufukuzwa darajani linatisha mara ya kwanza; mchezaji akifa mara nne, tayari anajua sekunde gani mwenzake atapiga kelele na atasema nini. Sehemu ya kurudia iwekwe baada ya mazungumzo, wala si kabla yake. Mistari iwe na mbadala. Na baada ya kushindwa mara tatu mchezo upunguze ugumu kimya kimya, kwa sababu tukio la aina hiyo limejengwa lipitwe kwa kasi. La pili ni kuweka habari muhimu katikati ya mapigano. Mtu anayelenga hasikilizi. Jina la msaliti lisitajwe mpaka adui wa mwisho aanguke, na mazungumzo yakikatizwa, mhusika awe na mstari wa kuyaunganisha tena badala ya kuyaanza upya. La tatu ni misheni finyu ndani ya dunia pana. Red Dead Redemption 2 (2018) inakuacha ufanye karibu utakalo ukiwa mwenyewe porini, lakini ndani ya misheni ukimzunguka adui kwa upande usiopangwa au ukimwacha mwenzako mbali kidogo, umefeli, anza upya. Hadithi ni ya mhalifu anayeukimbia ulimwengu wa sheria. Mikono yako imefungwa kwa sheria kuliko ya mtu yeyote ndani yake.

Hades (2020) ya studio ya Supergiant ndiyo ninayowaelekeza wanaodai kwamba kifo ni adui wa hadithi. Kila kufa kunamrudisha mhusika nyumbani kwa baba yake kuzimu, na huko kila mtu ana neno jipya la kumwambia, mara nyingi kuhusu aliyemuua. Hilo halikuja kwa bahati. Kuna zaidi ya mistari 20,000 iliyorekodiwa, na mfumo unaoipanga kwa umuhimu: kama umekutana na jambo zito, mstari wake unatangulia, la sivyo unashuka kwenye mambo madogo. Kumaliza mchezo mara moja hakutoshi. Hadithi kuu inahitaji ushindi kumi, kwa hiyo uhodari unaoongezeka mikononi na familia inayofunguka taratibu vinakwenda kwa mwendo mmoja. Gharama yake ni kubwa, na studio inayotaka kuiga bila mistari ya kutosha itajikuta wahusika wake wanarudia salamu ile ile kufikia kifo cha kumi na tano.

Hapo tunafika kwenye sababu inayofanya magemu mengi yakosee hata pale watengenezaji wake wanapojua haya yote: mpangilio wa kazi. Kubadilisha namba kwenye jedwali ni kazi ya dakika. Kubadilisha mstari uliorekodiwa ni kumwita mwigizaji tena studio. Kubadilisha tukio lililoigizwa kwa mavazi ya kunasa mwendo wa mwili ni kuanza karibu upya. Studio nyingi hufunga yale ya ghali mapema, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda, kisha zinaendelea kurekebisha uchezaji hadi wiki za mwisho. Silaha inaongezwa, eneo linakatwa, adui anahamishwa, na mwandishi anabaki na sauti iliyorekodiwa inayozungumzia daraja ambalo halipo tena. Wanaofanikiwa huchelewesha kwa makusudi: sauti za muda zilizosomwa na wafanyakazi wenyewe, maandishi kwenye visanduku vya kijivu, na waigizaji kuitwa kwa awamu fupi fupi badala ya mara moja. Hades ilianza kuuzwa ikiwa haijakamilika Desemba 2018, ikachezwa na kurekebishwa kwa karibu miaka miwili. Mapambano yalikuwepo tangu siku ya kwanza na mazungumzo yaliongezeka kila toleo, lakini mwisho wa hadithi haukuwekwa ndani mpaka toleo kamili lilipotoka Septemba 2020.